Vidole Vitatu vya Kitambaa

Mimi sisahau kiuno. Jina lako naweza kulisahau kesho asubuhi na sura yako wiki ijayo, lakini nikishakupima na tepu, kiuno chako nitazikwa nacho. Ndiyo kazi yangu. Nina cherehani nyuma ya duka la dobi Rockville, Marekani, kati ya rafu za mashati na mashine ya pasi anayoiendesha mwenzangu Sabine, Mkongo, na kwa miaka sita nimekuwa nikiwapunguzia suruali mawakili na kuwaongezea waume zao na wake zao. Kwa hiyo Aviva alipoingia na mama yake mwishoni mwa mwezi wa pili, mwaka 2004, baada ya dakika kumi nilijua kwamba bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, na kwamba ni mtoto anayekua kwa kasi. Zaidi ya hapo sikujua lolote juu ya mtoto wa watu.

Mama yake, Marla, alikuwa amebeba gauni mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala. Gauni la krimu, mikono mirefu, lasi shingoni. Akanieleza kwamba mama yake mzazi alilishona mwenyewe mwaka 1972, kwa ajili ya bat mitzvah yake yeye Marla. Nilishawashonea Wayahudi wengi, najua hiyo ni siku gani: binti akifika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anasimama sinagogini, anaimba Torati mbele ya ndugu na jamaa, na kuanzia hapo anahesabiwa mtu mzima wa kujibu mambo yake mwenyewe. Sasa ilikuwa zamu ya Aviva. Bibi yake alikuwa amefariki Oktoba, na gauni ndilo litakalomwakilisha.

Hapo nilimhurumia. Kisha akaanza kutoa amri. Nisikate chochote. Nisiongeze kitambaa cha kigeni. Nibadilishe zipu, nilinyooshe, basi. Nikamwambia kwa adabu kwamba mtoto na gauni havielewani. Akajibu kwamba zimebaki wiki tatu na Aviva atapungua kidogo, maana yeye mwenyewe lilimkaa vile vile lilivyo. Alikuwa mwembamba sana wakati ule, alisema, na akajishika kiuno cha leo kana kwamba kile cha zamani bado kimo humo ndani.

Aviva akaingia chumba cha kujaribia nguo, akatoka. Zipu ilifunga, ndiyo, kwa sababu alikuwa ametoa pumzi yote iliyokuwemo mwilini. Nikamwomba aimbe kidogo yale atakayoimba siku hiyo. Akaanza. Jamani, sauti ile! Nyuma ya pazia Sabine alizima pasi ili asikie. Lakini katikati ya mstari wa kwanza sauti ikakatika, mtoto akavuta hewa kwa taabu, akaendelea maneno mawili, ikakatika tena. Na alitakiwa aimbe karibu dakika ishirini. Marla akasema ni woga tu, utakwisha.

Siku chache baadaye ikaja kadi. Aviva ndiye aliyetaka nialikwe, mama yake alisema, na hakujua kwa nini. Mimi pia sikujua. Bahasha ilikuwa na jina langu na ruhusa ya kuja na mgeni mmoja. Sisi Watanzania kadi ya sherehe tunaisoma kwanza kama ni ya single au ya double, na hii ilikuwa double, na double haiachwi ipotee bure. Sabine akajichagua mwenyewe kabla sijamaliza kuisoma.

Tatizo likawa zawadi. Mimi nimekulia Moshi, ambako hakuna mtu anayekwenda shereheni mikono mitupu. Zawadi zinapelekwa mbele kwa foleni, muziki unapigwa, MC anataja majina, na mama mzima anacheza na hotpoti kichwani. Lakini unampa nini mtoto ambaye unajua vipimo vyake tu? Jumapili baada ya Misa niliwauliza akina mama wenzangu, nikajuta. Kabla chai haijaisha walikuwa wameshaunda kamati yenye mwenyekiti na katibu. Mmoja alipendekeza rozari, ikabidi akumbushwe kwamba mtoto ni Myahudi. Mwingine akapendekeza seti ya sufuria, akaungwa mkono na watu wanne. Nikaondoka kabla kura hazijapigwa.

Nikaenda kununua kwa akili zangu mwenyewe. Nikarudi na chupa ya chai, kubwa, ya maua mekundu, inayotunza joto kutwa nzima. Niliipenda kweli. Nikaiweka juu ya meza ya kukatia nguo ili Sabine aione, naye akaizunguka mara mbili akiwa ameshika kiuno.

"Mama Dorothea," akasema, "hii ni kado ya mwanamuke mwenye alizaa. Mutoto wa miaka kumi na tatu atakunywa hiyo chai na nani?"

Nikamnunia mpaka saa saba mchana. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Aviva aliporudi kujaribu gauni mara ya pili, mama yake alikuwa nje kwenye maegesho akigombana kwa simu na watu wa maua. Nikaona nimwulize mtoto mwenyewe waziwazi anapenda nini. Akafikiri sana. Akasema anapenda kulala, na anampenda mbwa wa jirani yao. Vyote viwili haviuzwi. Nikaendelea kuchomeka pini pembeni mwa zipu, bila kumgusa, na kuchunguza kama amepungua. Alikuwa ameongezeka. Ndivyo walivyo watoto wa umri huo. Unalala nao wafupi, unaamka nao warefu.

Kisha akaniambia, akiangalia kioo wala si mimi, "Mstari mmoja ni pumzi moja, Miss Dorothea. Mwalimu wangu anasema usikate katikati, unaharibu maana. Mimi humu ndani nakata kila mahali."

Nikamwuliza kama amemwambia mama yake. Akasema alimwambia mara moja, kwamba anataka kuvaa gauni jingine, na mama akaingia bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia. Tangu siku hiyo hajasema tena. Anakunywa supu tu, ili apungue.

Nilipandwa na hasira mpaka pini zikaenda kombo, ikabidi nizichomoe zote nianze upya. Nilimkasirikia Marla. Halafu nikashindwa kumkasirikia vizuri. Mama yangu alizikwa Moshi mwaka 2001 nami nikiwa nimeshikilia simu jikoni kwangu Silver Spring, nasikiliza watu wakiimba. Ningeletewa hata kanga yake iliyopauka ningeigombania kwa meno. Nilimwelewa yule mama kuliko nilivyotaka. Lakini pia nilijua kwamba mtoto atasimama mbele ya watu mia mbili, ataishiwa pumzi, atalia, na siku hiyo haitarudiwa. Supu haipanui mbavu.

Basi nikajua zawadi yangu ni nini, na haikuwa chupa ya chai. Nitampa pumzi. Nikamwambia Sabine, naye akaniuliza kama ninataka kufukuzwa kazi au ninatania. Kwenye risiti ya gauni lile mwenye duka alikuwa ameandika kwa mkono wake: usikate, usiongeze. Kwake yeye, kilichoandikwa kwenye risiti ndiyo sheria ya nchi.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilifika kabla ya wengine, nikaligeuza gauni ndani nje. Matumaini yangu yalikuwa pembeni. Fundi anayemshonea mtoto huacha kitambaa cha akiba kwenye mshono, ili mtoto akikua uuachie. Aliyeshona gauni hili alikuwa fundi hasa, hilo lilionekana, kwa hiyo akiba lazima iwepo. Nikafumua vidole viwili chini ya kwapa la kushoto. Hamna. Ukingo ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Nikahamia kulia. Hamna.

Nilikaa nikilitazama gauni lile kwa taa, halafu kwa miwani. Ndipo nikaona mashimo. Mstari mzima wa vishimo vidogo vya sindano ya mashine, vidole viwili ndani kutoka mshono wa sasa, sawasawa kama rula. Na mshono wa sasa, ule unaolishika gauni, haukuwa wa mashine hata kidogo. Ulikuwa wa mkono. Nililia kidogo, sikuficha, maana hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimekutana na fundi mwenzangu aliyenitangulia kufika pale pale, kwa shida ile ile.

Sasa pa kupata kitambaa palibaki mahali pamoja tu, napo ni pindo la chini. Zamani watu walikunja pindo kweli. Hili lilikunjwa kwa upana wa kiganja. Ukikata kwa ndani, urefu haubadiliki na hakuna anayejua. Nilishika mkasi. Marla alikuwa amesema nisikate, na lile lilikuwa gauni la marehemu mama yake, na nikiharibu hakuna duka lolote duniani lenye kitambaa kile. Nikafanya ishara ya msalaba, nikakata.

Kumbe kitambaa kilichokaa ndani ya pindo miaka yote ile kilikuwa bado cheupe, wakati gauni lenyewe limeshakuwa la krimu kwa uzee. Ukikiweka kwapani kitang'aa. Hapo ndipo chupa ya chai ilipopata kazi. Nikachemsha chai nyepesi, nikaimimina humo ibaki na joto, na nikawa natumbukiza vipande dakika moja moja, naanika, nalinganisha, narudia. Sabine alipofika akakuta kamba ya vitambaa vinavyonuka majani ya chai, akavua koti bila kuuliza na kuwasha pasi ya kuvikaushia. Kufikia saa nne rangi zilikuwa zimeshikana.

Nikatia kipande cha pembetatu kila upande, upana wa vidole vitatu juu kwapani, kikipungua hadi kwisha karibu na kiuno. Kutoka hapo kwenda chini hakukuwa na haja ya kufumua, na nisingefumua hata kama ningelipwa. Mshono wa mkono wa yule bibi nikauacha ulivyo.

Siku ya kuchukua gauni Aviva alilivaa, akafunga zipu, akajiandaa kutoa pumzi kama kawaida yake. Akagundua hahitaji. Niliona macho yake kwenye kioo yakinitafuta. Nikatikisa kichwa kidogo, yaani nyamaza. Mama yake akapiga makofi akasema, unaona, supu imesaidia, nilijua tu. Mtoto akainamisha uso. Nami nikatazama mashati ya watu rafuni.

Jumamosi ya bat mitzvah, tarehe ishirini mwezi wa tatu, tulivaa vitenge vyetu na vilemba juu. Mimi nilikuwa mikono mitupu, mara ya kwanza maishani mwangu kwenye sherehe, na ingawa nilijua zawadi yangu iko kwapani mwa mtu, niliona aibu. Sabine alikuwa amefunga kitenge kizuri kwa karatasi ya dhahabu na utepe. Mlangoni bwana mmoja mwenye kofia ndogo akamweleza kwa upole kwamba pale siku ya Sabato zawadi haziletwi sinagogini, hutumwa nyumbani. Sabine akakirudisha ndani ya gari, na mimi nikapumua vizuri kidogo, kwa sababu sasa wote tulikuwa mikono mitupu.

Aviva akasimama. Kabla hajaanza nilikaza vidole mpaka pete ikaniuma. Mstari wa kwanza ulitoka mzima. Wa pili mzima. Wa tatu ulikuwa mrefu mno, unapanda, unazunguka, unashuka, nami nikawa nimeshika pumzi yangu mwenyewe nikimsubiri, na mimi ndiye niliyeishiwa kabla yake. Aliimba vile hadi mwisho. Alipomaliza watu wakaanza kumrushia peremende, hiyo ni desturi yao, na Sabine akadaka mbili. Halafu akajisahau, au hakujisahau, akapiga kigelegele kilichofika darini. Watu wakageuka. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akapiga makofi kana kwamba hilo ndilo lililokuwa limepungua.

Kisha mtoto akatoa hotuba. Sehemu aliyosoma ilihusu hema la kale, mapazia yake, mafundi walioyatengeneza na wanawake waliosokota nyuzi. Akasema mwalimu wake alimtaka amtafute fundi anayemjua kwa sura, na yeye anamjua mmoja tu. Ndipo nikaelewa kwa nini nilialikwa, na nikaanza kutabasamu. Tabasamu halikudumu.

"Leo naanza kujibu mambo yangu mwenyewe," Aviva akasema, "kwa hiyo lazima niseme kweli. Gauni hili halikunitosha. Sikupungua hata kidogo. Miss Dorothea aliliongeza bila kuambiwa, na asingeliongeza msingenisikia."

Watu wakacheka kwa furaha, wakageuka kututazama. Marla hakucheka. Sabine akaniinamia sikioni.

"Sasa tunatafuta kazi ingine," akasema, na akafungua peremende.

Wakati wa chakula Marla alinikuta karibu na chumba cha makoti. Aviva alikuwa nyuma yake, amekunja mikono, uso mwekundu. Nilikuwa nimeshatayarisha samahani ndefu, yenye heshima zote, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa Kiingereza tangu hotuba ilipokwisha.

"Nilikwambia usikate," Marla akasema.

Samahani ikapotea. Mimi ndivyo nilivyo, ukinisukuma nasukuma. "Nilikata pindo kwa ndani," nikamwambia, "kwa sababu pembeni sikukuta kitu. Akiba yote ilikuwa imeshatumika. Mama yako aliitumia."

"Aliitumia kwa nani?"

"Kwako."

Hakuelewa. Basi tukaingia katikati ya makoti, sisi watatu. Aviva akashusha zipu, akajisitiri kwa koti la mtu, nami nikageuza upande wa kulia wa gauni karibu na kiuno, pale ambapo sikugusa. Nikamwonyesha Marla vishimo vya mashine. Nikamweleza kwamba mshono wa kwanza ulipita hapo, na huyo ndiye Marla aliyepimwa wakati gauni linaanza kushonwa. Halafu nikasogeza kidole chake vidole viwili kwenda nje, juu ya mshono wa mkono. Huyu ndiye Marla aliyelivaa. Alikuwa amekua. Mama yake alifumua pande zote mbili, akaachia hadi uzi wa mwisho, na akashona kwa mkono, nadhani kwa sababu mashine ingesikika nyumba nzima na binti angeuliza kuna nini.

Marla alipitisha ukucha juu ya mishono ile, polepole, mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni ilikuwa midogo na imekaribiana, mbele ikaanza kuachana, kama ya mtu ambaye muda unamwishia.

"Hakuniambia," akasema.

Niliona hayo ni maneno yake na mama yake, nikaendelea kulishika gauni.

Akafika mwisho wa mshono, akauachia, akanitazama. "Miaka thelathini na miwili," akasema, "nimekuwa nikiamini kwamba nilikuwa mwembamba."

Aviva aliangua kicheko. Akaziba mdomo haraka, lakini kilishatoka, na Marla akamgeukia kwa uso ambao sikujua utaelekea wapi. Ukaelekea pande zote mbili. Akacheka na machozi yakimtoka, akampandishia mwanawe zipu kwa mkono wake mwenyewe, na ilipofika juu bila kukwama akamwambia amsamehe, akasema mara tatu, mara ya tatu akiwa ameficha uso ndani ya nywele zake. Mtoto akarusha mikono yote miwili juu, akamkumbatia mama yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikatazama kwapani. Mshono haukusogea.